Risiti za Nyumbani

Nilifundishwa kufuta kabla sijafundishwa kuuza. Siku yangu ya kwanza katika lile duka la nafaka la Kakoba, mjini Mbarara, bosi alivuta kiti, akakaa karibu nami mbele ya kompyuta, akanionyesha jinsi ya kuifanya risiti ipotee. Unaichagua, unabonyeza mara mbili, unaandika sababu, na imeondoka kwenye mauzo ya siku. Alisema ni kwa ajili ya watu wa kodi, na kama roho inaniuma nikauze ndizi barabarani. Roho haikuniuma. Nilikuwa na chumba cha kulipia, kozi ya kompyuta ya miezi mitatu niliyoipata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hamu kubwa ya kuonekana najua kazi.

Nikazoea kufuta. Bosi alikuwa ananitumia namba za risiti, nami ninazipitia moja baada ya nyingine huku nikinywa chai. Jambo ambalo hakunifundisha nililigundua mwenyewe siku kipanya kiliponiteleza: risiti iliyofutwa haiondoki kabisa. Inahamia kwenye ukurasa mwingine, ambako programu inaziweka zote zilizotupwa kwa mwezi mzima, zimepauka rangi, zimepangwa kwa namba na saa. Niliufunga ukurasa ule haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenzake ndani. Sikumwambia mtu.

Kuna jambo la pili la kueleza kabla sijafika kwenye mahindi, na hili ni langu mwenyewe, siwezi kumbebesha bosi.

Mimi ni wa Kivu ya Kusini, Kongo, lakini Nakivale ndiko nilikokulia. Siku za kazi nilikuwa napanga Kakoba, na kila Jumapili narudi kambini kwa ibada na kwa chakula cha dada yangu mkubwa. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, na huyu alinilea tangu mama alipotuacha. Watu wa kanisani walipojua kwamba binti yao amekaa kwenye kaunta ya duka la Mbarara, walianza kuja mmoja mmoja. Gunia la Kakoba lilikuwa na nafuu, na mimi nilikuwa nawapunguzia kidogo bosi akigeuka.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwimbaji wa kwaya. Alisubiri mpaka wateja wengine wametoka, kisha akainama juu ya kaunta mpaka kilemba chake kikagusa skrini.

"Mwanangu, usiandike jina yangu mu hiyo mashini. Bakiona niko nanunua gunia, batasema niko tajiri. Batanitosha ku liste ya chakula."

Nilimwambia mashine ile ni ya duka tu, haijuani na mashine za kambini zenye orodha ya chakula. Akanitazama kwa huruma.

"Mashini zote zinajuana," akasema.

Ukitaka kujua, hofu ile sikuidharau. Sisi ni watu tuliopangwa foleni za kuhesabiwa tangu utotoni, tukawekwa vidole kwenye kioo, tukaambiwa majina yetu yameonekana au hayakuonekana. Kila mtu kambini anamjua mtu ambaye jina lake lilipotea na chakula chake kikapotea nalo. Lakini programu ile ilikuwa haitoi risiti bila jina la mteja. Nikafikiri kidogo, nikaandika: Nyumbani. Mama yule alicheka, akanipiga bega, akaenda kutangaza. Baada ya hapo kila mtu wa kambini aliyekuja aliandikwa hivyo hivyo, na wakati mwingine alikuwa analitaja mwenyewe jina hilo kabla sijauliza. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Nikamfundisha na mwenzangu wa kaunta. Huyu alikuwa mke wa askari wa Makenke, Mganda mwenye Kiswahili cha kambi ya jeshi, anayeamrisha magunia kama anaamrisha makuruta. Alikuwa mtu wa kicheko na wa kusahau. Nilimwambia, mtu wa Nakivale akija na mimi sipo, usimuulize jina, andika Nyumbani. Akasema, "Sawa, afande," akapiga saluti.

Lori la mahindi lilikuja Jumatatu moja, wiki ya mvua. Halikuwa la mtu wetu wa siku zote. Dalali aliyekuja nalo alisema mzigo unatoka Endiinzi, akataja bei ambayo ilimfanya bosi asahau kumaliza soda yake. Mwenzangu alininong'oneza, "Endiinzi ni ng'ombe. Nani analima lori mzima ya mahindi kule?" Tukacheka. Magunia yakapangwa kwenye stoo ya nyuma, nami nikayaingiza kwenye programu kama mzigo wa peke yake, kwa sababu bei yake ilikuwa tofauti. Kuanzia siku ile ile yalianza kutoka kwa kasi.

Jumatano sikuwepo. Nilikwenda kung'oa jino lililokuwa limenitesa wiki mbili, na mwenzangu akashika kaunta peke yake.

Alhamisi asubuhi nilikuta kuku watano wa fundi baiskeli jirani wamelala uani kwetu, chini ya mlango wa stoo ya nyuma, pale ambapo punje zinadondoka wakati wa kupakia. Wawili walikuwa bado wanatikisa miguu. Mtunza stoo aliwakusanya na koleo, akawatia kwenye kiroba, akakifunga kamba. Hicho ndicho kilichonitisha kwanza. Kuku watano wanono wamekufa, na hakuna mtu pale uani, wala mtunza stoo ambaye anakula chochote, aliyetaja mchuzi.

Niliokota punje kadhaa. Zilikuwa zimefifia, kavu sana, na kwenye ncha, pale punje inapoungana na gunzi, kulikuwa na rangi. Kidogo tu, waridi, kama wino ulioshindwa kutoka kwenye kola. Baba yangu alikuwa mkulima. Kule Kivu tulikuwa tunagawiwa mbegu zilizotiwa dawa, za rangi ile ile, na baba alikuwa anazificha juu kabisa, kwenye boriti za paa, ili tusizifikie. Akimaliza kupanda ananawa mikono kwa majivu mara tatu. Alikuwa anatuambia hiki si chakula, hiki ni cha udongo. Mtu alikuwa ameziosha mbegu za zamani ambazo hazikuuzika, akazianika, akazichanganya na mahindi ya kula.

Nikampelekea bosi zile punje kwenye kiganja.

"Hiyo ni rangi ya gunia," akasema bila kuzigusa.

"Na kuku?"

"Kuku ina magonjwa mingi. Nenda kwa mashini. Mauzo yote ya ile stoo ya nyuma, futa. Yote. Na stoo uweke zero."

"Niandike sababu gani?"

"Andika makosa."

Nikarudi kwenye kiti. Zilikuwa risiti kumi na tisa. Nikazifuta zote, na kwenye kila moja nikaandika makosa. Mchana pikapu ilikuja ikachukua magunia yaliyobaki, sijui ikayapeleka wapi. Nilijiambia ni mambo ya kodi kama siku zote. Nilikuwa na punje zile mfukoni mwa sketi, nazisikia kwa vidole, na bado nilijiambia hivyo. Naona aibu kuandika sentensi hii, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifuta kwanza, nikaogopa baadaye.

Ijumaa ilipita kimya kimya. Kila mteja aliyeingia nilimwangalia mdomoni.

Jumamosi mwenzangu alikuja amechelewa, na hakuwa na kicheko. Alhamisi, kumbe, alikuwa ameamini ule ugonjwa wa bosi, na kabla mtunza stoo hajafagia akakusanya mfuko wa zile punje za uani akawapelekea kuku wake mwenyewe Makenke.

"Dada, kuku yangu saba. Yote," akasema. "Mzee yangu amekataza watoto kushika hata manyoya. Amesema hii si ugonjwa, hii ni sumu." Akakaa juu ya gunia la maharage. "Banange. Sasa wale watu?"

Nilimwonyesha punje zangu. Kisha tukaanza kuulizana nani alinunua, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatujui. Kwenye orodha ya mauzo ya wiki ile, mzigo wa stoo ya nyuma ulikuwa haujawahi kuwepo. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri mno.

Bosi hakuwepo. Alikuwa kijijini kwao kwenye sherehe ya kumtoa bibi harusi, na sherehe hizo huwa hazimrudishi mtu kabla ya jioni. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nikaufungua ule ukurasa wa zilizofutwa.

Zilikuwepo zote kumi na tisa, lakini ukurasa ule ulikuwa mchoyo. Ulionyesha namba, saa na jumla ya fedha tu. Ukitaka kuona ndani, nini kiliuzwa na kwa nani, ni lazima uirejeshe risiti kwenye mauzo. Na kila unaporejesha, programu inatuma ujumbe kwenye simu ya mwenye duka. Bosi aliiweka hivyo mwenyewe, kwa kuogopa wizi wa sisi wauzaji. Maana yake ni kwamba nikibonyeza, anajua papo hapo, na anajua ni mimi, kwa sababu kila hatua inaandikwa chini ya jina la aliyeingia.

"Bonyeza," mwenzangu akasema.

Nikabonyeza. Risiti ikarudi, rangi yake ikakolea, na kwenye kona ya skrini ile stoo niliyoiweka sifuri ikashuka chini ya sifuri. Hasi moja. Nikarejesha ya pili, hasi tatu. Kila mara namba ilizidi kwenda chini, na kila namba ilikuwa gunia lililokaa jikoni kwa mtu.

Nane za kwanza zilikuwa za watu wa mjini, zina majina na namba za simu. Mwenzangu akachukua simu yake akaanza kuwapigia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya amri. "Wewe, ile mahindi, usipike. Usipe mbuzi. Nimesema usipike!" Mmoja alikuwa ameshasaga, akaapa atamwaga unga wote chooni. Mwingine alimtukana. Wote walipatikana kabla ya saa tano na nusu.

Kumi na moja zilizobaki niliziona zikirudi mbele yangu. Nyumbani. Nyumbani. Nyumbani. Hakuna simu, hakuna jina. Kambi ile ni kubwa, mtu anaweza kupanda pikipiki nusu saa na bado yuko ndani yake, na mimi ndiye niliyewaficha watu wangu mpaka mimi mwenyewe nisiweze kuwaona.

Simu ililia. Ngoma za sherehe zilisikika nyuma ya sauti ya bosi.

"Unafufua nini huko?"

"Watu walionunua, bosi. Mahindi ina sumu."

"Nani daktari hapo? Zima hiyo mashini. Nikirudi nikute hiyo kitu imefutwa, na wewe usikuwepo."

Nilikuwa nimemwogopa mtu yule miaka miwili, na dakika ile nilimsikia kama redio ya jirani. Nikakata simu nikairudia ile orodha.

Nilianza kusoma kilichonunuliwa pamoja na mahindi, maana jina sikuliandika ila vitu niliviandika. Gunia moja na karanga kilo nne: huyo ni mama anayesaga karanga za kuuza karibu na soko. Magunia matatu na katoni ya chumvi: huyo ni mzee wa kanisa aliyekuwa anaandaa chakula cha kumaliza matanga ya mkewe, Jumapili, kesho yake, watu zaidi ya mia. Gunia moja na sukari, huyo ni mwalimu wa watoto. Nilitambua saba kwa njia hiyo. Nikampigia mchungaji wetu, nikamweleza kila kitu, bila kujitetea, nikamtajia wale saba na kumwambia kuna wengine wanne siwajui. Hakuniuliza maswali. Nilisikia akiita wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi, akiwaambia waache kuimba wachukue kipaza sauti.

Tukakaa tukingoja. Mwenzangu alifunga mlango wa mbele wa duka nusu. Mchungaji alikuwa ananitumia ujumbe kila gunia lilipopatikana. La karanga limeonekana, bado halijafunguliwa. Ya matanga yameonekana, yako kwenye mashine ya kusaga, wameyazuia. Kufikia saa saba na robo, wale saba wote walikuwa wamepatikana, na wawili kati ya wale wanne nisiowajua walijitokeza wenyewe waliposikia tangazo. Kisha wa tatu. Madhara yalikuwa madogo, mzee mmoja ameumwa tumbo, mbwa mmoja amekufa.

Ikabaki risiti moja. Ilikuwa ya Jumatano, saa sita na dakika kumi. Gunia moja la mahindi, soya kilo mbili.

Jumatano sikuwepo. Nilimgeukia mwenzangu.

"Hii uliuza wewe. Nani?"

"Mimi niliandika vile wewe ulisema."

"Najua. Lakini alikuwa nani? Alikuwa namna gani?"

Akafumba macho akijaribu kukumbuka. "Mama mmoja. Mrefu. Alikuja na gari ya watu wa kule, haraka, dereva anapiga honi. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine mbele. Wanafanana hao watoto, kama picha." Akafumbua macho. "Aliuliza kama wewe uko. Nikasema amekwenda kutoa jino. Akacheka sana. Akasema nikupe salamu." Akaweka mkono mdomoni. "Nilisahau, dada. Nilisahau kukupa salamu."

Soya na mahindi, vikisagwa pamoja, ni uji wa watoto wanaoachishwa ziwa. Dada yangu ana mapacha. Walikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano.

Simu yake ilikuwa haipatikani. Haikuwa ajabu, nusu ya siku za wiki huwa inaachwa kibandani kwa mtu wa kuchaji. Nikampigia mchungaji, akasema anatuma mtu. Mimi nikatoka, nikachukua pikipiki ya kwanza pale Kakoba, nikamwambia dereva Nakivale, akataja bei, nikasema twende. Mwenzangu alinikimbilia akanipa karatasi. Alikuwa amezichapa zile risiti zote kumi na tisa, na nyuma yake ameandika namba ya simu ya mumewe, kwamba bosi akileta maneno nimpigie.

Ile njia ya Isingiro naijua, nimeipita kila Jumapili, lakini siku ile sikuiona. Nakumbuka migomba upande wa kushoto, na kwamba nilikuwa nahesabu siku kwa vidole. Amenunua Jumatano. Amesaga Alhamisi. Ijumaa uji, asubuhi na jioni. Jumamosi asubuhi uji. Nikafika hapo nikaanza upya, nikitafuta siku ambayo labda mashine ya kusaga ilikosa umeme.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kipaza sauti cha mchungaji nilikisikia kwa mbali, upande wa pili wa kilima, kikiendelea kuita. Jikoni sufuria ilikuwa juu ya mafiga, moto umezimika. Niliinua kifuniko. Uji ulikuwa umeganda, na ulikuwa na rangi. Mtu asiyejua angesema ni rangi nzuri.

Jirani alitokea na ndoo ya maji. "Mama Mapasa iko ku santé tangu asubui," akasema; ndivyo kambini wanavyomwita mama wa mapacha. "Batoto babili banatapika. Bamelegea sana."

Niliwakuta kwenye benchi la zahanati. Yaya alikuwa amewapakata wote wawili, mmoja kila goti, vichwa vimelala, udenda unatiririka hadi kwenye kitenge chake. Aliponiona alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, kwa sababu alidhani nimekuja kumsalimia mapema kabla ya Jumapili.

"Mudogo yangu! Jino yako imepona?"

Nilimpita nikaingia kwa muuguzi, nikaweka punje mezani, nikamwambia dawa ya mbegu. Alikuwa amewapima malaria akakosa, na alikuwa anajiandaa kupima tena. Aliziangalia zile punje, akainuka, akawafunua watoto macho kwa kidole, akaita gari la wagonjwa. Kutoka pale mambo yalikwenda mbio, sindano, chupa za maji, na mimi na yaya tumepanda nyuma ya gari kurudi Mbarara, kila mmoja na mtoto wake.

Njiani nikamweleza. Nilimweleza lori, kuku, punje, kufuta, yote. Alikuwa ananisikiliza huku anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Niliona unga inakuwa na rangi," akasema. "Nilizani ni soya." Kisha baada ya muda, "Jana, bakianza kutapika, nilisema ni meno. Nikabaongezea uji, bapate nguvu."

Alilisema hilo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilijichukia kwa kulia.

"Juu ya nini haukunipigia siku ile kuku zilikufa?"

"Sikujua kama ulinunua, yaya."

"Mashini haikukuambia?"

"Haikuniambia."

Gari liliingia kwenye shimo, akamshika mtoto kichwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu.

"Basi baliniandika jina gani?"

Nikamwambia. Alirudia neno hilo mara moja, polepole, akageuka kuangalia dirishani.

Mapacha walikaa hospitali siku tisa. Mkubwa alianza kukaa mwenyewe siku ya tatu. Mdogo alichukua muda zaidi, na kwa siku mbili hatukujua. Sitaki kuziandika siku hizo mbili. Wamepona. Sasa hivi wanakimbia, wanapigana, wanaiba sukari, na daktari aliyewaona mara ya mwisho alisema tusirudi tena mpaka wameumwa kweli.

Kazi ile iliisha siku ile ile, kama bosi alivyoahidi. Karatasi za mwenzangu nilizipeleka polisi, wakaenda kuchukua kompyuta, na duka likafungwa. Nasikia limefunguliwa tena kwa rangi nyingine, sijaenda kuangalia. Mwenzangu ameacha naye, anafuga kuku Makenke, na bado ananipigia kila Jumamosi kuulizia watoto. Mimi niko kwenye mashine ya kusaga hapa kambini, naandika kwenye daftari. Naandika jina la mtu, jina la baba yake, na nyumba yake iko wapi. Yule mama wa kwaya alipokuja mara ya kwanza akakuta ninaandika, alinitazama kama nimemuuza, akajitwisha mahindi yake akaenda kusaga kwingine. Nilimwacha aende.

Yaya hakuwahi kunisema, wala kwa mumewe, wala kwa kanisa. Nikija bado ananitengea kiti na ananipikia bugali na majani ya muhogo. Watu wanaotuona wanasema tunapendana, na ni kweli tunapendana.

Lakini Jumapili iliyopita niliwaletea watoto pakiti ya biskuti. Yaya aliipokea, akashukuru, akaifungua. Akachukua moja akaila yeye, yote, polepole. Pakiti akaiweka juu ya kabati, akakaa. Watoto walinyoosha mikono, wakaanza kulia.

"Mungojee," akawaambia.

Tukaongea. Tuliongea habari za mvua, na kwaya, na bei ya sabuni. Alikuwa anaangalia jua la mlangoni likisogea juu ya sakafu, na mimi nikawa naliangalia pia. Labda ilipita saa nzima. Kisha akainuka, akachukua pakiti, akawagawia mbili mbili.

Anafanya hivyo na kila ninacholeta, hata ndizi ambayo haijamenywa. Mwanzoni nilidhani ameanza kuogopa chakula chochote kinachotoka nje. Nimechunguza. Cha jirani, cha mchungaji, cha mtu anayepita tu njiani, anawapa watoto mara moja.